Santuri ya Tisa

Rautakoura wametoa albamu
baada ya kimya cha miaka kumi na mmoja,
na mji wa Kemi umepata cha kugombania
zaidi ya bei ya kuni.

Mimi nauza santuri. Tangu saa nne asubuhi
kengele ya mlango haijanyamaza.
Theluji waliyoingia nayo inayeyuka sakafuni,
kila kidimbwi kina mwenyewe
na kila mwenyewe ana neno.

Tauno, fundi wa mitambo
kabla kiwanda cha karatasi hakijazimwa kama taa ya chooni,
anasema: Hii si roki, huu ni uji.
Gitaa limefuliwa, likaanikwa, likapigwa pasi.
Sisi tuliwapenda na masizi yao.
Kisha ananunua mbili,
moja ya kusikiliza, moja ya kulalamikia.

Hilkka wa duka la dawa anasema afadhali,
uzee umemfunza yule mwimbaji kutamka.
Miaka thelathini nilidhani anaimba habari za jehanamu,
kumbe anamwita mama yake.

Aatos, mwenye pete puani na subira ya kuku,
amesikiliza nyimbo mbili na nusu.
Wazee wakalale, anasema,
akatoka akipiga mluzi kibwagizo cha ule wa pili.
Sikumkumbusha. Sikio haliombi ruhusa kwa mdomo.

Jalada nalo lina kesi yake:
lori la kumwaga chumvi barabarani, usiku, taa ya njano.
Uvivu, wamesema wanne. Ushairi, kasema mmoja
ambaye bado ana deni langu la Novemba.
Raija, anayeliendesha lori lenyewe,
alilitazama jalada mpaka glavu zikaacha kudondosha maji.
Akasema tu: Kioo hakifutiki hivyo.

Na mimi?
Mimi nilishaandika kadi ya dirishani, wino mwekundu,
nyota mbili kati ya tano.
Mpiga ngoma mpya, kijana wa Turku, hakosei,
na hilo ndilo kosa.
Ensio alikuwa akichelewa, unywele mmoja,
kama mtu aliyerudi ndani kuchukua funguo,
na katika unywele ule sote tulipata pa kukaa.
Sasa Ensio yuko nyuma ya kanisa, chini ya mita moja ya theluji,
na ngoma zinafika kwa wakati kama bili.

Jana usiku, nimeshafunga, nahesabu sarafu,
upande wa pili ulikuwa ukizunguka wenyewe.
Baada ya wimbo wa sita, kabla ya wa saba,
kitu kikalia. Kwii.
Mbao. Mtu anakaa.

Nakijua kile kiti.
Kilikaa chumba changu cha nyuma majira matatu ya baridi,
Ensio juu yake, kodi hajalipa,
mguu mmoja mfupi, umetegwa na jalada lililokunjwa
la santuri ambayo hakuna aliyeitaka.
Kilikuwa kikilia vile vile kila alipoinama kuwasha sigara.

Nimesoma maandishi yote, mpaka jina la aliyepika chakula studioni.
Ensio hayumo.
Ila kiti wamekiweka.
Na wimbo ule wa saba, ule mmoja tu,
kijana wa Turku anachelewa.
Labda ni ule mguu mfupi. Labda aliambiwa.
Nilirudisha sindano mara nane, sarafu nikazisahau.

Kadi sijaibadilisha.
Nyimbo tisa zilizopooza hazifutwi na mlio wa mbao,
na wateja wangu wananilipa niseme kweli.
Lakini Tauno akirudi kesho na ile ya kulalamikia,
nitamwondolea kikombe cha kahawa mkononi,
nitaigeuza santuri,
nitamwambia: Nyamaza kidogo. Hapa.
Kabla hawajaanza.