Mashati Matano Meupe

Yaliletwa saa nane mchana, bado yanachuruzika,
masika haitaki kuiachia kamba ya nguo.
"Tunayataka kabla ya saa mbili usiku," akasema Noga
kwa Kiswahili chake cha miezi minne,
akiruka silabi kama mtu anayevuka mtaro.

Mie ni mpiga pasi. Sipekui ya watu.
Lakini shati ukilibana na makaa husema lenyewe:
hili kola imekufa, hili kifungo si chake,
hili pana mno kwa Itamar.
"La kaka," akanijibu, akageuka kutazama mvua.

Ndipo wakanieleza, kila mmoja kipande chake.
Kwao leo ni usiku wa waliokufa vitani.
King'ora hulia nchi nzima, magari husimama njiani,
mwenye kijiko mdomoni hukishusha.
Na kesho, jua likizama tu, ni sherehe,
ngoma mabarabarani, bendera madirishani.

Bi Mishi wa chumba cha pili akafyonya:
"Matanga leo, harusi kesho?
Na jamvi halijakunjwa!"

Nikanyamaza. Hilo la jua kuzama nalijua.
Kwetu pia siku haizaliwi alfajiri.
Saa ya kwanza ni ya usiku,
giza hutangulia, mchana hufuata nyuma.
Sikusema kitu. Niliongeza makaa.

Saa mbili kasorobo stima ikapotea, Tudor yote,
na mtandao ukaenda nayo.
King'ora walichotaka kukisikia kwenye simu kikabaki hukohuko kwao.
Mshumaa wao ulikuwa dirishani, ndani ya gilasi ya chai.
Mara dirisha la Bi Mishi likawaka mshumaa,
na la kinyozi, na la muuza mbaazi,
hata usijue upi ni wa wafu
na upi ni wa kuoshea sufuria.
Wakasimama ukumbini, meupe matano,
bila mlio wowote.

Asubuhi yake nilivuka nao kwenda Likoni,
wao kwa watoto wao wa shule, mie na furushi la mteja.
Saa tano, tukiteremka, feri ikapiga honi.
Itamar akaganda palepale kwenye mteremko,
mikono imenyooka, shati la kaka lishapata tope.
"Songa, kijana! Songa!" Mkokoteni wa madebe ya maji nyuma yake.
Noga naye akasimama. Kisha wote.

Ilikuwa honi tu.
Lakini nami nina wangu, Athmani,
aliyerudi kutoka mpakani ndani ya sanduku
lililopigwa misumari, tukaambiwa tusifungue.
Tulimzika kwenye mvua kama hii.
Hakuna aliyewahi kumpigia hata filimbi.
Nikalishusha furushi kichwani.
Watu wakatupita, wakitutukana, wakitupita.

Magharibi wakaanza kucheka, kwanza kwa woga.
Nyama ya kuchinjwa kwa sheria yao hawakuipata,
wakachoma muhogo kwenye jiko langu,
ndimu, pilipili, machozi na kamasi.
Bendera yao waliichora kwa kalamu juu ya foronya.
Noga akaja kukaa nami kizingitini.
"Kuna watu kule kwetu," akasema,
"ambao furaha yetu hii kwao ndiyo msiba.
Nacheza, lakini nalijua."
Sikuwa na jibu. Hata yeye hakulingoja.
Bi Mishi, ambaye masikio yake hayalali,
akatoka na sahani ya mahamri,
akaiweka chini bila salamu, akarudi ndani.

Kesho yake mashati yakarudi kwangu:
moshi, tope, pilipili.
Yote yakatoka, ila kwenye mkono wa lile pana
palibaki tone la nta.
Dawa ya nta naijua: karatasi juu, pasi ya moto, inahama.
"Hilo liache," akasema Itamar.

Nikaliacha.
Nikapitisha pasi kandokando yake, polepole,
kama mtu anavyofagia
kumzunguka mtoto aliyelala.