Jumapili Mbili

Kwenye ramani iliyoning'inia juu ya cherehani ya baba
Oklandi iko pembeni kabisa, kulia,
Santiago kushoto,
na Pasifiki imekatwa vipande viwili
kama kitambaa kilichomshinda fundi.
Alitanua mikono yote miwili, asizifikie.
"Umehamia nje ya ramani, Elcira."

Nikamnunulia tufe.
Akavua futi kamba shingoni, akapima juu ya buluu tupu:
sentimita ishirini na tatu kasoro kidogo.
"Kumbe ni mkono wa shati la mtoto!"

Kilomita elfu tisa na mia sita na ushee.
Saa kumi na moja, upepo ukisukuma.
Hesabu hiyo niliijua kama watu wajuavyo kodi ya nyumba.

Nibaldo alipiga simu Jumapili, ninaanika nguo.
Alisema neno moja tu: njoo.
Losaline, jirani yangu Mtonga,
alinikimbiza uwanjani na viatu vyake vya bustani,
tope likidondoka kwenye kanyagio.

Tuliruka saa kumi na mbili jioni, Jumapili.
Tungetua saa saba mchana,
Jumapili ileile.
Mstari wa tarehe hauna boya wala taa;
tuliuvuka mhudumu akimimina chai.
Kwenye kioo cha kiti kindege cha mchoro kilipinda kusini,
kuelekea barafu, maana huko
njia iliyopinda ndiyo fupi.
Zimebaki elfu sita. Elfu nne.
Nikajiona tajiri wa saa.
Nani aweza kuchelewa
akifika kabla hajaondoka?

Nibaldo alisimama nyuma ya kizuizi,
futi kamba shingoni mwake.

"Saa tano asubuhi," alisema.

Saa mbili, basi.
Nilipiga hesabu palepale, sanduku mkononi:
nilikuwa kilomita elfu moja na mia saba kutoka pwani,
nachagua kati ya mayai na mtindi.
Nilichagua mtindi.

Kalenda ilinipa siku nzima bure.
Saa haikunipa kitu.

Kurudi ni saa kumi na tatu, upepo usoni.
Niliondoka Alhamisi, usiku umekwisha kukomaa,
nikashuka Jumamosi kabla ya mapambazuko.
Ijumaa haikuwepo.
Niliitafuta kwenye tiketi, kwenye simu, kwenye saa ya mkononi.
Sitaki kurudishiwa.
Tangu Jumapili ile,
ndiyo siku pekee ambayo sikuiishi bila yeye.

Mlangoni nilikuta kapu.
Losaline alikuwa amezianua nguo zangu,
amezikunja, mikono ya mashati ndani,
na juu yake ameweka jiwe
zisichukuliwe na upepo.