Penseli Tu

Mlangoni mwa chumba cha hati, mjini Hereford,
Bi Prosser hunipokonya kalamu kila asubuhi
kama mama anayemnyang'anya mtoto wembe.
"Penseli tu," husema. Mvua ya Novemba
inagonga kioo, nayo inataka kuingia isome.

Mwaka wa tatu huu namtafuta mwanamke mmoja:
Avice, mke wa Warin, bwana wa Corvesham.
Sina damu naye. Nilikuwa mpima ardhi;
nimezoea mipaka inayogombewa,
jiwe lililosogezwa usiku,
majirani wawili wakiapa kwa Mungu yule yule.

Mtawa wa abasia anasema alizaliwa
mwaka elfu moja mia mbili na arobaini,
theluji ikiwa imefika madirishani.
Wazee walioapishwa Warin alipokufa,
miaka ishirini na miwili baadaye, wanasema
mrithi wake, Payn, ana miaka kumi na minne.
Wenzao wa ng'ambo ya kilima wanasema kumi na miwili,
"au karibu na hapo."
Nikatoa. Nikatoa tena.
Hesabu ikanikazia macho bila haya:
mama wa miaka minane.
Ama kumi, ukiwahurumia.

Nasaba ya rangi, iliyochorwa karne tatu baadaye,
haina taabu hiyo. Ina simba wawili wa dhahabu
na mstari mnyoofu kutoka kwa Avice
hadi kwa bwana aliyeulipia.
Karatasi haikatai wino,
sembuse wino ulionunuliwa.

Basi nikashuka kwa watu wadogo.
Payn alipotaka ardhi yake, wanaume kumi na wawili
waliitwa waseme alizaliwa lini.
Hamo msaga ngano: nakumbuka,
siku ile nilianguka ngazini nikavunjika mguu.
Nikampenda Hamo. Nikamwamini juma zima,
mpaka nilipofungua gombo la wilaya nyingine
nikakuta mguu ule ule, ngazi ile ile,
na msagaji mwenye jina jingine.
Karani alichoka, nadhani. Au kulikuwa na baridi,
naye alijua mfalme hahesabu miguu.

Lakini chini ya Hamo yupo Ernald, mtu wa kondoo.
Yeye anasema: siku ya ubatizo wa Payn
nilimzika binti yangu Sibil,
na kengele ilikuwa moja kwa wote wawili.
Sikulipata jina la Sibil kwenye gombo lolote jingine.
Hakuna karani anayenakili kengele ya namna hiyo.
Au ninataka tu isiwe imenakiliwa.
Hilo nalo nimeliandika pembeni.

Jana, Bi Prosser aliniletea kijikaratasi cha ngozi
kisichozidi kiganja, kilichotobolewa na panya,
muhuri wake umebaki ukoko.
Warin anatoa ratili moja ya nta kila mwaka
kwa kanisa dogo la bondeni, mishumaa iwake
kwa ajili ya roho ya Avice, *mke wangu wa kwanza*.

Wa kwanza.

Nikavua miwani. Nikaivaa tena.
Walikuwa wawili, jina moja, kitanda kimoja,
mmoja akifa, mwingine bado anacheza na theluji.
Mtawa alimjua wa pili; alikula kwenye karamu yake.
Wazee walimjua mtoto, hawakuulizwa mama.
Hakuna aliyesema uongo
ila yule wa dhahabu, naye pengine hakujua.
Mwanamke mzima alianguka
kwenye upenyo kati ya kweli mbili,
akakaa humo miaka mia saba.

Sijui baba yake. Sijui kama alimwona Payn
hata kwa siku moja.
Nimechora mstari mpya, mfupi, kando ya ule mrefu,
na juu yake neno moja, *huenda*,
kwa mkono mwepesi, linaloweza kufutika.

Bi Prosser akazima taa ya meza.
Akanirudishia kalamu yangu.
Sikuwa na haraka nayo.