Bawa

Kaka Ambakisye alilileta usiku,
ili jua la asubuhi litutambulishe nalo.
Tukaamka, Iyunga yote, sakitu ya Juni
imetanda juu ya boneti kama unga wa mahindi:
milango miwili, jekundu, limeinamia mbele
kama mtoto anayesubiri filimbi ya mita mia.
Na nyuma, bawa.

Elfu mbili na moja. Kiwanda kilikuwa kimefungwa,
kiinua mgongo kimekaa benki miezi minne,
mama akisema mashine ya kukoboa,
mjomba Gwamaka akisema ng'ombe wa maziwa,
shangazi wa Rungwe akisema bati, bati, bati.
Yeye akapanda basi la bandarini kimya kimya,
na alichorudi nacho hakikukoboa,
hakikukamuliwa,
na kilivuja.

Dashibodi iliahidi mia na themanini.
Redio ilikomea tisini, masafa ya huko kwao,
kwa hiyo tulisikiliza mluzi mtupu
na mwanamke mmoja wa Kijapani
ambaye kila ukiwasha alisema jambo, kwa adabu sana.
Sisi tulidhani anatukaribisha.
Fundi Tweve wa Mwanjelwa, baada ya kufunua boneti
na kunyamaza kwa namna ambayo fundi hanyamazi bure,
alisema, "Pengine anaomba radhi."

Akafuta mikono.
"Tumezoea chui kuvaa ngozi ya kondoo.
Hapa, ndugu yangu, wamegeuza."

Mlima Nyoka ulithibitisha.
Gia ya tatu ikakataa, ya pili ikalia,
ya kwanza ikapanda kama bibi mwenye goti.
Fuso la kabichi likatupita, likatuachia moshi,
na utingo, amekaa juu kabisa ya kabichi zake,
akatupungia mkono. Si kwa dharau.
Hicho ndicho kilichomuuma kaka.
Kwa huruma.

Siku hizi nauza vipuri pale Sae,
nimeyaona mengi ya ukoo ule, ya miaka ile ya tisini:
matundu ya hewa yasiyopitisha hewa,
bomba la moshi pana kama mdomo wa mpiga debe,
na ndani, moyo wa cherehani.
Kuna mtu huko mbali alikaa mezani akachora mbio,
kisha chumba cha pili mwenzake akaambiwa: punguza gharama.
Sina hasira nao.
Ningependa tu kujua kama nao walikuwa na kaka.

Lakini kuteremka, jamani.

Siku moja tulitoka Isyonje na debe mbili za viazi,
mama nyuma, magoti kidevuni
(kile kiti kilishonewa koti, si mtu),
kuku kampakata.
Kaka akaachia.
Mia. Mia na kumi. Misonobari ikawa ukuta mmoja,
na bawa likaanza kuvuma, sauti nzito, ya chini,
kwa mara ya kwanza limekutana na upepo lililoumbiwa.
Na mama, yule yule wa mashine ya kukoboa,
akapiga kigelegele karibu na sikio langu:
"Ambakisye! Mpite na yule!"
Hakukuwa na yule.
Barabara ilikuwa tupu mpaka Uyole.

Liliuzwa kwa kilo, mwaka mafuta yalipopanda.
Mwanamke wa Kijapani alisema jambo lake hata siku ile,
juu ya mizani, betri ikiwa imebaki na tone.
Bawa tulilibakiza.
Liko juu ya banda la kuku, linazuia mvua kidogo,
limefungwa kwa skrubu zake zile zile nne.
Moja imelegea. Kila wiki nasema nitaikaza.
Upepo ukishuka kutoka Loleza, linatetemeka,
na mama, jikoni, na kisu chake na viazi,
hunyanyua kichwa.