Unaonja Nini?

Duqm, chelezoni. Upepo wa huku hauombi ruhusa:
unaingia ghalani na mchanga wake,
unafungua daftari kwenye ukurasa nisioutaka.
Nje, meli ya mafuta imekaa pakavu,
tumbo wazi, kutu imeshuka mpaka mkukuni,
na vijana wa rangi wanangoja zamu.

Mimi ni Shawana binti Hilal, mgawa vifaa.
Bibi yangu alinilea kwa Kiswahili cha Wete
hapa hapa Omani, Ibra, nyumba ya pili toka kwenye falaji;
ndiyo maana wa pwani wote huletwa kwangu.
Natoa buti, glavu, miwani, mkanda wa kupandia.
Helmeti iliyowahi kuanguka siitoi tena
hata kama machoni ni nzima.

Leo ni siku ya barakoa.
Kila mtu avae yake, yenye vichujio viwili,
nimfunike kichwa kwa kofia ya plastiki
kama kuku ndani ya tenga,
nipulize dawa chungu kupitia tundu.
Ukionja, inavuja.
Usipoonja, nenda kazini.
Ndiyo sheria yote.

Dad Muhammad, Mbaluchi, aliondoka kwa hasira:
ndevu zake na mpira wa barakoa haviishi nyumba moja.
"Nitarudi nimenyoa," alisema kwa Kiarabu,
"au nitarudi kwetu."

Kisha Ngumbao wa Kaloleni,
uso mwembamba kama kokwa ya tende.
Pumua. Akapumua.
Geuza kichwa. Akageuza.
Inama. Akainama.
Sasa sema, chochote, dakika moja, mdomo utembee.
Wengine huhesabu, wengine husoma Fatiha.
Yeye akataja madeni:
"Wakala wa Mombasa, laki na ishirini.
Mjomba, mbuzi saba.
Ada ya Dhahabu, muhula wa pili.
Mabati ya mama, kumi na nane, bado misumari..."
Kwenye misumari koo likapanda, likashuka,
jicho likajikunja pembeni.

"Unaonja nini?"
"Sionji kitu, dada."

Naujua uso ule.
Mama alijipaka shubiri aniachishe ziwa;
wanasema nilinyonya vilevile,
macho nimeyafumba, siku tatu.
Mwenye njaa humeza.

Nikaandika: Hajafuzu.
"Umenikata mkono," akasema.
Nimekuachia mapafu, nilitaka kumjibu. Nikasema tu:
"Hii ni kubwa kwako. Saizi ndogo haipo."
Na hapo nikaona haya, kwa kuwa haipo
tangu mwezi wa tatu, na fomu ya kuagiza
ilikuwa mezani pangu, chini ya birika la chai,
ina duara la kahawia lililokwisha kukauka.

Siku tisa akafagia uwanja, bila posho ya rangi.
Tukikutana kantini ananipa mgongo.
Heroe wa maji ya chumvi, wasionijua,
walau hugeuza shingo nikipita.

Siku ya kumi boksi likafika kutoka Maskati.
Saizi ndogo, nne tu.
Nikamfunika. Nikapuliza, nikaongeza, nikaongeza.
Madeni yakaanza upya: wakala, mjomba, ada,
mabati. Kwenye misumari koo lilitulia.
Mwishoni akatia deni jipya, polepole, nisikie:
"Shawana binti Hilal, siku tisa."

Mkono wangu ukasahau kupuliza.

"Unaonja nini?"
Akafikiri. Jasho lilikuwa limemfika midomoni.
"Chumvi," akasema. "Yangu mwenyewe."

Nikaandika jina, tarehe, saizi.
Alipotoka kwenda kwenye meli
nikaisugua ile fomu kwa kidole kilicholowa mate.
Duara halikutoka.