Ziara ya Mtu Mmoja

Kule Xi'an ninalipwa kuinua kibendera cha manjano
na kutembea kinyumenyume mbele ya wageni,
nikisema, tazameni kulia, chungeni ngazi.
Hapa Makongeni nimemwinulia mtu mmoja:
Mwalimu Perpetua Kerubo, mstaafu,
goti la kushoto limeumuka kama andazi,
mkoba kwapani, viatu vya kanisani.

"Ziara ni ya faragha," nikamwambia. "Siku moja.
Unachotaka kinaongezwa, usichotaka kinafutwa."
"Futa ngazi," akasema mama.
Nikafuta ngazi.
"Ongeza chai."

Mulandi wa teksi akauliza, twende wapi?
"Uchina," mama akajibu, "lakini upitie Lunga Lunga,
huku Jogoo Road hakupitiki."

Kituo cha kwanza, Ukuta.
Ni wa kiwanda cha sabuni kilichofilisika,
umeota ukoga, juu yake chupa zilizovunjwa.
Nikaanza kama ninavyoanza siku zote:
mabibi na mabwana, ukuta huu haukujengwa na mfalme mmoja...
Akanikatiza. "Najua. Ulianza vipandevipande."
Akaupapasa, jiwe kwa jiwe. "Miaka thelathini na moja
nimeuchora kwa chaki, kutoka dirishani hadi mlangoni,
na kila Ijumaa watoto wa zamu wakaufuta.
Huu angalau una ubishi."

Kituo cha pili, Makumbusho.
Nyuma ya kioo, kigae cha bakuli, buluu juu ya weupe,
kidogo kuliko kiganja,
kimeokotwa pwani, kimefinyangwa kwao.
Maelezo nilikuwa nimeyapanga: tanuri, udongo, nasaba.
Hakuyasikiliza. Alisoma kadi mara mbili,
akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa sweta.
"Kilitoka huko kizima, kikafika, ndipo kikavunjika.
Mimi je?"
Sikuwa na jibu kwenye ratiba.
Nauli yake ya mwaka ule ndiyo karo yangu ya kidato cha tatu;
pasipoti ikamalizia muda wake kabatini,
kurasa zote nyeupe.

Kituo cha tatu, Jeshi la Udongo:
kando ya barabara ya Ngong, kwa Njambi muuza vyungu,
safu kumi na mbili, mabega mekundu, midomo wazi,
vumbi la malori juu yao.
"Askari elfu kadhaa," nikasema, "na kila mmoja ana sura yake."
"Hawa hawana sura."
"Mama, ndiyo bajeti."
Akacheka mpaka goti likamkumbusha.

Kisha akaingia katikati ya safu,
mkongojo mkononi kama fimbo ya zamu,
akagusa shingo ya mtungi: "Shikuku. Mchelewaji."
Mwingine: "Naliaka, aliyekula chaki."
"Apiyo na Adongo. Hata leo siwatofautishi."
"Wambua..." Hapo akakawia.
"Wambua tulimzika. Nilisoma wasifu wake mimi."
Akaendelea, mstari wa tatu, wa nne,
darasa la saba Kaskazini lote,
waliopita na walioanguka, aliyeiba ramani ya Asia
akairudisha baada ya miaka tisa, imekunjwa vizuri.
Njambi akaacha kututajia bei.
Mulandi akazima redio.
Mimi, kiongozi wa ziara, nilikuwa nyuma,
kibendera kimelala begani,
nikichunga ngazi ambayo haikuwapo.

Mwisho wa safu palikuwa na chungu kidogo,
kimepasuka ukingoni.
"Na huyu?"
Akakiinamia. "Huyu hajaandikishwa bado."
Akakinunua, bila kupunguziwa.

Chai tuliinywea garini, milango wazi,
mandazi kwenye gazeti, Mulandi naye.
Mama akadai risiti.
Nikaandika nyuma ya tiketi ya makumbusho:
Uchina, siku moja, mtu mmoja, imelipwa.
Akaisoma yote, polepole,
akapekua mkoba, akatoa kalamu nyekundu,
akanisahihishia tarehe.