Mkono Mwepesi

Dakika mbili. Zamani nilikuwa nikikesha
kuzungushia uti wa mgongo, taya, koo,
kipande kwa kipande, picha mia na ushee,
feni ikisaga joto la Mtwara bila kulimaliza.
Siku hizi mashine inachora, mimi nakagua.

Leo ni Bi Somoe Nantende wa Kitangari,
mbanguaji korosho, uvimbe chini ya ulimi.
Jana tulimbandika usoni plastiki ya moto,
ikapoa, ikashika pua, ikashika kidevu.
Tulipoivua akauliza:
"Tangu lini mwanamke akavishwa lipiko?"

Usoni ana chale, pembe juu ya pembe,
alizochanjwa kabla hajavunja ungo
kwa kisu na masizi ya mbarika.
Mashine haina habari nazo. Inatazama ndani:
huu ubongo, kijani; hili jicho, samawati;
hizi tezi za mate, njano, kulia na kushoto,
mionzi ipite mbali.

Kushoto imepatia.
Kulia imeteleza: imeuhesabu msuli kuwa tezi,
na ncha ya tezi yenyewe imeiacha nje, uchi,
upana wa punje ya mtama.
Imefundishwa kwa nyuso nyingi, sikatai.
Uso huu ndiyo kwanza wanakutana.

Na punje ya mtama ni kitu gani?
Ni tonge la ugali kushuka bila kusukumwa na maji.
Ni kuamka usiku wa manane
ulimi haujagandana na kaakaa.
Ni kuitafuna korosho moja, ukasema
"hii imekula mvua," mnunuzi akashusha macho.

Nikausogeza mstari. Nikaurudisha. Nikausogeza.

Asubuhi akaomba kuiona hiyo michoro.
Akavaa miwani iliyofungwa uzi,
akaufuata mstari kwa kidole, hewani,
kama fundi anayepita kazi ya fundi.
"Huyu mkono wake mwepesi," akasema.
"Aliyenichanja mimi alinitoa kamasi.
Ila hapa..." na kidole kikasimama
palepale nilipohangaika jana,
"hapa ameshika mtu mwingine."

Ni mimi, Bibi.

"Unatetemeka."

Kidogo.

Akameza mate. Nikayasikia yakishuka,
nikatia saini.